Nani Atashika Simu?

Maandiko: Wakolosai 2:1-5, Wakolosai 4:7-9, 2 Yohana 12



Leo naomba tuongee jambo ambalo tunalijua vizuri nyumbani, lakini tukifika kanisani tunaliacha nje. Pombe. Na sisemi juu ya yule anayelala mtaroni, maana huyo kila mtu anamwona. Nasema juu ya ndugu au dada ambaye ameokoka, ameamua kuacha, ana wiki mbili au miezi miwili hajaonja, amekaa hapa kati yetu anaimba na sisi, na leo usiku atapigana vita peke yake.

Hapa kwetu pombe haitafutwi mbali. Kuna mbangara, kuna mbege, kuna chang'aa, kuna chupa za dukani. Siku ya soko pale Taveta, mtu ameuza ndizi zake, hela iko mfukoni, marafiki wa zamani wanamwita kwa jina. Mithali 23, kuanzia mstari wa 29, inamchora mtu huyo vizuri: macho mekundu, majeraha asiyojua yalikotoka, na mwisho anaamka na kuuliza ni lini atapata nyingine. Huyo mtu haifurahii tena pombe. Amefungwa.

Sasa swali langu ni hili. Ibada yetu inaisha saa saba mchana. Ushirika wa nyumbani ni Jumatano. Lakini kiu inakuja Ijumaa saa nne usiku. Saa hiyo atampigia nani?

1. Paulo aliwasaidia watu ambao hawajawahi kumwona uso

Fungua Wakolosai 2. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba ana juhudi kubwa kwa ajili yao na kwa ajili ya watu wa Laodikia, na kwa wote ambao hawajauona uso wake. Mstari wa 5 anasema ingawa kwa mwili hayupo, kwa roho yuko pamoja nao. Nisikize vizuri: kanisa la Kolosai halikuanzishwa na Paulo. Injili waliisikia kwa Epafra. Paulo alikuwa mbali, tena kifungoni. Alichokuwa nacho ni karatasi na wino. Akaitumia hiyo karatasi kuwatia moyo watu wasiomjua.

Na sura ya 4 mstari wa 16 anawaambia wakishaisoma hiyo barua, isomwe pia Laodikia. Kwa lugha ya leo, mniforwadie kwa wenzenu! Kwa hiyo mtu asiseme kwamba msaada wa kiroho ni lazima uwe wa kushikana mikono tu. Vitabu vingi vya Agano Jipya vilikuja kwa barua.

Nayasema haya kwa sababu kuna wapendwa ambao wamepata msaada mtandaoni. Wameingia kundi la WhatsApp la watu wanaoacha pombe, au mkutano wa Zoom, na wanaona haya kusema. Wanaogopa tutawaambia imani yao ni ndogo. Mpendwa, kama Mungu alitumia wino, hashindwi kutumia bando.

2. Mtu mmoja kati ya baa na simu

Mwezi wa Mei mwaka 1935 kulikuwa na mwanaume mmoja Marekani aliyeitwa Bill Wilson. Alikuwa mtu wa biashara ya hisa kutoka New York. Pombe ilikuwa imemmaliza, lakini alikuwa na miezi kama mitano hajanywa. Akasafiri hadi mji wa Akron, jimbo la Ohio, kufuata dili fulani. Dili likakufa. Akabaki pale hotelini, hela imeisha, moyo umevunjika, jioni peke yake. Upande mmoja wa ukumbi ni baa, anasikia watu wakicheka. Upande wa pili ni simu, na orodha ya makanisa ya mji.

Akaenda kwenye simu. Akampigia mchungaji mmoja asiyemjua hata kidogo. Mchungaji akashika. Akampa majina ya watu, naye akapiga mmoja baada ya mwingine, mpaka akampata mama mmoja aliyemjua daktari mpasuaji anayeitwa Bob Smith, naye pia mlevi. Kesho yake wakakutana. Yule daktari alikuwa amesema atampa dakika 15 tu. Waliongea zaidi ya saa sita. Tarehe 10 Juni 1935 Daktari Bob alikunywa kinywaji chake cha mwisho, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuanzishwa kwa Alcoholics Anonymous, au AA, ambayo leo iko nchi nyingi, pamoja na Kenya.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, Bill hakupiga simu ili ahubiriwe. Alitafuta mlevi mwenzake amsaidie, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akimsaidia mwingine, yeye mwenyewe hanywi. Hiyo ni 2 Wakorintho 1:4 kabisa: faraja tuliyopewa na Mungu ndiyo tunayowafariji nayo wengine. Mtu aliyeacha juzi ana kitu ambacho mimi mchungaji wako sina. Anaijua ile saa nne usiku.

La pili, je, yule mchungaji asingeshika simu? Angeona namba ngeni akaiacha iite?

Wengine wanauliza, "Pastor, hiyo AA ni ya Kikristo?" Jibu la kweli ni kwamba si kanisa, na inapokea mtu wa dini yoyote au asiye na dini. Lakini hao waanzilishi wawili walipitia ushirika wa Kikristo ulioitwa Oxford Group, na watu wa mwanzo waliusoma sana Waraka wa Yakobo. Ukiona wanakaa wanaungama makosa yao mmoja kwa mwingine, hiyo ni Yakobo 5:16. Jina la Yesu utalipata hapa kanisani, na hakuna kitakachokuzuia kwenda nalo kule. AA haitozi ada, na sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Corona ilipofunga milango Machi 2020, na sisi tukaabudu kwa simu, vikundi vyao vingi pia vilihamia kwenye video, na vingi vimebaki huko mpaka leo. Kwa hiyo mtu wa Chala anaweza kukaa chini ya mwembe wake akahudhuria. Kwa wake na watoto wa walevi pia kuna Al-Anon, iliyoanzishwa na mke wa Bill, Lois, pamoja na wenzake mwaka 1951. Mama, na wewe unahitaji mtu wa kukusikiza.

3. Kwa nini anamwambia mgeni na hatuambii sisi?

Hapa ndipo ujumbe unauma kidogo, lakini tuvumiliane.

Ziwa letu la Chala tunalijua. Hakuna mto unaouona ukiingia, hakuna mto unaouona ukitoka. Lakini maji yanaingia na kutoka, yanapita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Ndivyo walivyo wengi wanaopigana na pombe. Ukiwaangalia juu, maji yametulia. Chini kuna mambo yanapita.

Fikiria kijana wa boda. Anamwambia mtu wa Kisumu ambaye hajawahi kumwona, "Leo nimepita mbele ya klabu mara tatu." Lakini hajamwambia mzee wa kanisa anayeishi nyumba ya tatu. Kwa nini? Kwa sababu Chala ni padogo. Akimwambia mmoja jioni, asubuhi stejini wanalijua, na mchana soko la Taveta linalijua. Na ombi lake litaletwa kwenye maombi ya katikati ya wiki likiwa limevaa nguo ya kiroho: "Wapendwa, tumkumbuke ndugu fulani, mnajua shida yake..." Hayo ni masengenyo yaliyofumba macho!

Mgeni wa mtandaoni hana cha kumfanyia. Hamjui mama yake, hamdai, hatamnyima mchumba. Kwa hiyo anapumua kule. Simlaumu. Swali ni kwetu sisi: tunakaa naye benchi moja, kwa nini hapa hapumui?

Mwambie jirani yako: funga mdomo, fungua mlango.

4. Mtandao una mipaka yake

Yohana, katika waraka wake wa pili mstari wa 12, anasema alikuwa na mengi ya kuandika lakini hakutaka kuyamaliza kwa karatasi na wino. Alitaka kuja waonane, ili furaha itimie. Na Paulo hakutuma barua peke yake. Wakolosai 4:7-9, barua ilikuja mikononi mwa Tikiko, pamoja na Onesimo. Kuna maandishi, na kuna mtu mwenye miguu anayeyaleta. Kundi la simu linaweza kukutia moyo usiku. Haliwezi kukuletea uji, wala kukaa na wewe jioni ya siku ya soko. Kila mtu anayeacha pombe anahitaji barua na anahitaji Tikiko.

Na kuna jambo la hatari, naomba kila mtu alishike. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili unaweza kugoma. Siku mbili tatu za kwanza anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kusikia sauti, hata kupata kifafa. Anaweza kufa. Sisi Wapentekoste tukiona hivyo tunafikiria pepo peke yake, tunakemea mpaka asubuhi. Omba, ndiyo! Lakini omba mkiwa njiani kwenda Hospitali ya Taveta. Hakuna kundi la WhatsApp la kutibu hali hiyo, na daktari si adui wa imani. Ikiwa unakunywa kila siku, ongea na daktari kabla ya kuacha.

Pia muwe macho. Huko mtandaoni kuna wanaouza dawa ya kumwekea mumeo kwenye chai bila yeye kujua. Usinunue, unaweza kumdhuru. Kuna wanaoomba hela ya M-Pesa ndipo wakuombee. Usitume. Kundi zuri halikuombi PIN, halikuombi picha ya kitambulisho, halikukatazi kwenda hospitali wala kanisani. Dada, tafuta kundi la akina mama. Na kama hujui pa kuanzia, NACADA, ile mamlaka ya serikali inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, wana namba 1192. Ni bure kupiga.

Kwa sababu nilisomea biashara, niruhusu mahesabu kidogo. Tuseme mtu anakunywa shilingi 150 kwa siku. Kwa mwezi ni 4,500. Kwa mwaka ni 54,750. Bando ya shilingi 20 kila siku ni 600 kwa mwezi. Yule Msamaria wa Luka 10 alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akasema gharama ikizidi atalipa akirudi. Upendo una bajeti. Kama ndugu amekosa bando ya kuingia mkutano wake, mnunulie. Hiyo nayo ni sadaka.

Tufanye nini wiki hii?

Wewe unayepigana: leo kabla ya kulala, andika majina mawili kwenye simu yako. Moja la mtu aliyepitia njia hiyo, hata kama yuko mbali. Lingine la mtu wa hapa karibu anayeweza kufika kwako kwa miguu. Ondoa namba ya yule anayekuletea chupa mlangoni. Na ukianguka, piga simu kabla hujaongeza glasi ya pili. Kuanguka Ijumaa si sababu ya kukosa Jumapili.

Wewe mke, mume, mzazi: usimpekue simu yake kundini. Muache awe na mahali pa kusemea.

Sisi kanisa: tukiambiwa siri, tufe nayo. Na namba ngeni ikiita saa nne usiku, tushike. Inaweza kuwa mtu amesimama kati ya baa na simu, na amechagua simu.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunamleta kwako kila mmoja anayepigana na pombe usiku wa leo. Mpe mtu wa kumsikiza, karibu na mbali. Ponya mwili wake, linda akili yake, mrudishie nyumba yake. Utufanye sisi kanisa linalofunga mdomo na kufungua mlango. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Paulo aliwajali watu wasiomwona uso. Ni nani amekusaidia kutoka mbali, na alikusaidiaje?
2. Soma 2 Yohana 12. Ni mambo gani hayawezi kutimia kwa simu?
3. Bila kutaja jina la mtu yeyote: ni nini katika ushirika wetu kinachomfanya mtu aogope kusema shida yake? Tutabadilisha nini kuanzia leo?