Ukibebwa, Bebeka

Sijawahi kupanda farasi, wala hapa Talatala sijamwona hata mmoja. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mnyama huyu hakuenea, na sababu mojawapo ni ndorobo iletwayo na mbung'o. Wengi wetu tumewaona farasi katika picha, au wale wachache wa Jeshi la Polisi. Hata hivyo, somo moja la wapanda farasi limenisumbua miaka mingi, kwa maana linanihusu.

Somo lenyewe ni la ukaaji. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu juu ya upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri mpandaji asikae kama aliye kitini, bali awe kama mtu aliyesimama wima huku miguu ameitanua. Walimu wa siku hizi husema karibu yale yale: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe katika mstari mmoja. Mwanafunzi mwenye hofu hufanya kinyume. Hujikunja mbele, hubana kwa magoti na kuzivuta hatamu. Magoti yakibana, makalio huinuka kutoka kwenye tandiko naye huzidi kuyumba. Hatamu zikivutwa, lijamu humuumiza farasi kinywani, naye hukaza mgongo. Hivyo lile alilolifanya ili asianguke ndilo linalomwangusha. Dawa yake ni kulegeza nyonga zifuate mwendo wa mgongo wa mnyama, na kiwiliwili kibaki wima.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanihusu. Wakati wa masika ya mwaka 1987 nilipanda nyuma ya baiskeli, Phoenix kuukuu, nikitoka mjini Kyela kurudi Talatala. Mwenye baiskeli alikuwa kijana wa rika langu. Kabla hatujaondoka aliniambia, "Mwalimu, nikiinama upande, nawe inama. Usishindane nami." Nikaitikia. Lakini tulipofika mahali penye kona na dimbwi, yeye aliinama kushoto, nami kwa hofu nikaegemea kulia na kumvuta shati. Tukaanguka. Mimi niliinuka na matope, yeye aliinuka ameshika kiganja kilichovunjika. Nilimkaripia kwamba hajui kuendesha, nikampa nusu ya nauli, nikaenda zangu kwa miguu. Mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, na kwetu mpunga huvunwa kwa mikono.

Hapa ndipo linapozuka swali: je, anayebebwa ana wajibu wowote kwa anayembeba?

Siku ile ningejibu kwamba hana. Nimelipa nauli, kazi ya kunifikisha ni yake. Jibu hili lina sura ya haki, lakini halitoshi. Fedha yangu ilinunua safari, haikupunguza uzito wangu hata ratili moja. Wavuvi wa Matema wanalijua hilo. Katika mtumbwi wa gogo, abiria anayeshtuka na kusimama huwapindua wote, aliyelipa na asiyelipa. Ziwa Nyasa halina habari na nauli.

Mtu mwingine atanitetea kwa njia nyingine. Atasema, mtu haiagizi hofu; inamjia. Kweli, nami sijilaumu kwa kuogopa. Lakini nilikuwa nimeonywa, nikaitikia bila kusikiliza, kwa kuwa niliona mwendesha baiskeli hana la kumfundisha mwalimu. Na baada ya kuanguka nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaitumia kumtwisha mwenzangu kosa langu juu ya maumivu yake. Hofu ilituangusha mara moja tu. Kiburi ndicho kilichomwacha pale njiani.

Siku hizi vijana wana msemo: ukibebwa, bebeka. Huusema kwa kejeli, wakimcheka aliyepewa cheo kwa upendeleo kisha akashindwa kazi. Mimi nauchukua kwa uzito. Kubebeka si kuwa kama gunia. Gunia halijui kona, na mpanda farasi aliyelegea mwili mzima humchosha mnyama wake kama yule aliyekakamaa. Kubebeka ni kuwa macho, kujitegemeza mwenyewe kadiri uwezavyo, na kuufuata mwendo wa yule aliye chini yako bila kumnyang'anya usukani.

Nimezeeka, na sasa wanaonibeba ni wanangu. Wananinunulia dawa, wananipeleka hospitali, wananichagulia hata siku ya safari. Mara nyingine najikuta nimekaza magoti: nawafokea juu ya jambo dogo, ili waone bado ni mimi baba. Najua ninachokifanya. Naogopa kuanguka, nami nawavuta shati.

Yule kijana wa baiskeli naye ni mzee sasa. Baada ya miaka mingi nilimfuata nyumbani kwake, nikamweleza kosa langu na kumwomba radhi. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza ilikuwa mwaka gani. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, walioniangusha ni wengi. Ni wewe wa kwanza kurudi." Akanipa mkono, ule ule. Kiganja kimepinda mpaka leo.

Sikupata faraja niliyoitarajia, kwa maana radhi yangu haikuweza kuvuna mpunga wa mwaka ule. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja la kufanya. Jioni ile binti yangu alipokuja kunishika mkono anivushe mfereji, sikumwambia kwamba naweza mwenyewe. Nilimwuliza tu, "Tunaanza na mguu upi?"