Kadi Kwanza au Ahadi Kwanza?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowakosesha usingizi wazazi wengi wenye watoto ng'ambo, ingawa wengi huona haya kulitaja hata mbele ya jumuiya ndogo ya Kikristo. Kijana alikwenda Ulaya kusoma au kutafuta kazi. Huko akapata mwenzake na wakaanza kukaa nyumba moja. Kisha siku moja anapiga simu nyumbani na kusema kwamba wanaomba kadi ya ukaazi, na kwamba wanaomba kama wenzi tu, si kama mume na mke.

Hapo ndipo wazazi wanapogawanyika. Mmoja husema, "Wafunge ndoa upesi, hata kama ni ya serikali, ili aibu iishe." Mwingine husema, "Waacheni wapate makaratasi kwanza, mambo ya kanisa yatafuata." Je, yupi ana haki? Mimi naona kwamba wote wawili wameitazama kadi mno, na hawajamtazama mtoto wao na yule anayekaa naye.

Sheria inasema nini?

Kabla ya kuhukumu, tujue kwanza jambo lenyewe. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo namba 2004/38, linalohusu raia wake wanaohamia nchi nyingine ya Umoja huo pamoja na jamaa zao. Tuseme binti Mkenya anakaa na mwanamume raia wa Ureno ambaye anafanya kazi Ubelgiji. Kama wamefunga ndoa, sheria humhesabu binti huyo kuwa mtu wa familia, na kuishi pale na mumewe ni haki yake.

Kama hawakufunga ndoa wala kusajili uhusiano wao serikalini, sheria haimfukuzi, lakini haimpi haki ile ile. Huitaka nchi irahisishe kuingia na kukaa kwake, ikiwa uhusiano wao ni wa kudumu na umethibitishwa ipasavyo. Ofisi inapaswa kuchunguza hali yake kwa makini, na ikikataa lazima itoe sababu. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja huo ilieleza kwamba nchi hailazimiki kukubali kila ombi la jamaa wa namna hii.

Sasa uhusiano wa kudumu unathibitishwaje? Watu hupeleka mkataba wa kupanga nyumba wenye majina yao mawili, bili za stima, taarifa za akaunti ya benki, barua na picha. Kila nchi ina kipimo chake. Uingereza, iliyotoka katika Umoja huo mwaka 2020 na kufuata sheria zake yenyewe, hutaka uhusiano unaofanana na ndoa ambao umedumu angalau miaka 2.

Ofisi haina kosa kuuliza hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na serikali haina njia ya kuona moyo wa mtu. Lakini tuangalie bili ya stima inashuhudia nini. Inaonyesha kwamba mwezi uliopita watu wawili walitumia taa moja. Haisemi kitu juu ya mwezi ujao, wala juu ya siku mmoja wao atakapougua au kufutwa kazi. Ushahidi wote wa kadi hutazama nyuma, lakini ahadi ya ndoa hutazama mbele. Hayo ni maswali mawili, na mtu anaweza kulijibu la kwanza vizuri sana huku la pili hajaligusa.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Watu wengi huishi kinyumba miaka na miaka, halafu siku ya kugawana mali au ya mazishi ndipo wanaanza kuulizana kama ilikuwa ndoa. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba kukaa pamoja muda mrefu hakufanyi ndoa papo hapo. Dhana ya ndoa hukubaliwa kwa nadra tu, na nia ya wahusika ya kuoana ni mojawapo ya mambo yanayochunguzwa. Kwa hiyo hata mahakama, baada ya kuhesabu miaka, bado huuliza: je, hawa walikusudia kuwa mume na mke?

Tusichanganye mambo matatu

Wazazi wengi hutaka kujua kama kutia sahihi fomu hiyo ni dhambi. Hapa kuna mambo matatu, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni kusema uongo. Wawili wasiopendana, au wasiokaa pamoja, wanaandika kwamba ni wenzi ili mmoja apate kibali, na pengine mwingine alipwe. Mabaya zaidi ni ya yule ambaye ana mke wa ndoa huku nyumbani, anayesubiri simu na karo ya watoto, naye huko anajiandikisha kama mtu asiye na mke. Huyo amewadanganya watatu: ofisi, mwanamke anayekaa naye na mke wake. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa kawaida wanaoishia kulia mwisho wake ni watoto.

La pili ni kusema kweli juu ya maisha ambayo bado hayajapangwa sawasawa. Wanakaa pamoja, hawajafunga ndoa, na fomu inasema hivyo hivyo. Kanisa hufundisha kwamba maisha ya mume na mke mahali pake ni katika ndoa, na sitaki kuyapunguza mafundisho hayo. Lakini sahihi yenyewe si uongo. Bwana wetu alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Aliyekiri kwa karani kwamba hajaoa amesema kweli, na mtu aliyeanza na kweli ni rahisi kuzungumza naye. Kinachobaki ni jinsi wanavyoishi, na hilo linawahusu wao wawili, Mungu na padre wao, si karani wa ofisi.

La tatu ndilo ambalo wazazi wema hulisukuma bila kujua: ndoa ya kutafutia karatasi. "Fungeni tu, mengine mtayaona mbele." Tuogope sana maneno hayo. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa hufundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili, na hakuna mwanadamu awezaye kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Baba hawezi, mama hawezi, hata askofu hawezi. Na kanuni ya 1101 husema kwamba anayetamka maneno ya ndoa huku kwa makusudi akiikataa ndoa yenyewe moyoni, hajafunga ndoa halali. Hivyo mzazi anayemsukuma mtoto aape kitu asichokusudia hajaiondoa dhambi nyumbani. Amechukua kiapo kitakatifu akakifanya tikiti ya basi. Na hata sheria ya Ulaya, katika kipengele cha 35 cha agizo hilo, huruhusu nchi kumnyima au kumnyang'anya mtu haki aliyoipata kwa ndoa ya kubuni.

Mtu atauliza: je, wale wanaopendana kweli, waliokuwa wamekusudia kuoana, lakini wakaharakisha kwa sababu ya kadi? Hao sioni kama wamekosa. Watu tangu zamani wamechagua tarehe ya harusi kwa sababu za dunia: mavuno yameingia, babu ni mgonjwa, kazi imehamishwa. Sababu ya tarehe si sababu ya ndoa. Kipimo ni hiki: kadi ikikataliwa kesho, je, mtabaki mume na mke, hata kama itabidi kurudi Kakamega au Machakos na kuanza upya? Wakijibu ndiyo kwa moyo mmoja, waende kwa padre. Wakinyamaza, wasiharakishwe.

Nani ataumia?

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, ingawa halizungumzwi sana.

Katika ombi la namna hii wawili hawasimami mahali sawa. Mmoja ni raia. Mwingine anakaa pale kwa sababu ya yule raia. Sheria ile ya Ulaya humlinda kiasi aliyefunga ndoa. Ndoa ikivunjika baada ya kudumu angalau miaka 3, na mwaka 1 kati ya hiyo wakiwa katika nchi ile, anaweza kubaki na haki yake ya kukaa, akitimiza masharti mengine. Kuna kinga pia kwa aliyetendewa ukatili nyumbani. Kipengele hicho, cha 13, hutaja ndoa na uhusiano uliosajiliwa. Hakimtaji anayekaa tu na mwenzake.

Fikirini basi maisha ya huyo anayekaa tu. Akikosana na mwenzake juu ya chumvi katika mboga, anaogopa kuhusu kadi. Akiona simu ya usiku asiyoielewa, ananyamaza kwa sababu ya kadi. Huenda mwenzake ni mtu mwema ambaye hajawahi kumtishia. Hata hivyo kamba iko mkononi mwa mmoja, na wote wawili wanajua. Upendo hauwezi kunyooka vizuri pale ambapo mmoja anaweza kusema kweli yote na mwingine hawezi.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini Kanisa hushikilia ahadi. Wengine hudhani ni kwa ajili ya kuwabana vijana, au ili jina la familia lisichafuke. La. Ahadi humlinda aliye mnyonge. Anayesema "nitakaa nawe mpaka kifo" anajivua ule uwezo wa kumwamkia mwenzake asubuhi moja na kumwambia aondoke. Ahadi ni deni, na deni hilo analibeba zaidi aliye na nguvu zaidi. Kwa hiyo swali la kumwuliza kijana wetu, hasa akiwa yeye ndiye mwenye uraia au kazi nzuri, si "Utatuondolea aibu lini?" Ni hili: "Mambo yakiharibika, nani atapoteza kila kitu? Na kama ni yeye, kwa nini bado hujampa neno lako?"

Sehemu yetu wazazi

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiandika juu ya familia, alikiri kwamba baadhi ya watu huingia katika maisha ya namna hii kwa kusukumwa na shida, na aliwataka wachungaji waijue hali ya kila mmoja kwa karibu. Papa Fransisko naye mwaka 2016 alitaja kwamba mahali pengine watu huahirisha ndoa kwa sababu sherehe huonekana ghali mno.

Hapa tusitafute mchawi mbali. Ni nani hutaka mahari ya mamilioni kwa sababu mkwe yuko Ulaya? Ni nani husema harusi haifanyiki mpaka wote warudi nyumbani, kuwe na mahema na magari kumi na watu mia tano? Kiswahili chetu kina busara ya kutenganisha harusi na ndoa. Harusi ni siku moja, nayo inaweza kungoja. Ndoa haihitaji hema. Kwa taratibu ya kawaida ya Kanisa, hao wawili wakiwa huru kuoana, huhitajika padre au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili.

Tena hawahitaji kusafiri mpaka Kenya. Kanuni ya 1115 huruhusu ndoa kufungwa katika parokia ambako mmoja wao ana makao, au amekaa mwezi mmoja. Ninyi huku mnaweza kusaidia kwa kwenda parokiani kuomba cheti kipya cha ubatizo, na barua ya kuonyesha kwamba mtoto wenu hajafungwa na ndoa nyingine. Mwenzake akiwa si Mkatoliki, padre wa huko atawaombea ruhusa inayohitajika kwa askofu. Mahari ya heshima inaweza kukubaliwa kwa wazee, na sherehe ikafanywa watakapokuja likizo.

Wakijibu kwamba hawako tayari, msikate simu. Waambieni kweli kwa upole, kisha mwendelee kuwajulia hali wote wawili, na kumwita yule mwenzake kwa jina lake. Mtoto aliyefungiwa mlango nyumbani hubaki na karani peke yake wa kumwuliza habari za uhusiano wake, naye karani huuliza bili tu.

Ya kujadiliana mume na mke

1. Siku tulipofunga ndoa, tulikuwa na sababu gani za dunia zilizotuharakisha au kutuchelewesha? Je, zilibadilisha tulichokusudia?
2. Katika nyumba yetu, nani ameshika kamba: ya fedha, ya shamba, au ya jina? Je, mwenzake anaweza kusema kweli yote bila hofu?
3. Kuna sharti lolote la mahari au sherehe tuliloweka ambalo linamzuia mtoto wetu kufunga ndoa? Tunaweza kulipunguza?
4. Tukipiga simu Jumapili hii, tutamwuliza nini kwanza?

Mungu azibariki nyumba zenu, na awalinde wana wetu walio mbali.