Mbwa Asiye na Mwenyewe

Huulizwa mara nyingi katika darasa zetu, na khasa baada ya mtoto kuumwa mtaani: Je, yatupasa nini sisi Waislamu juu ya mbwa koko hawa waliojaa katika miji yetu ya pwani? Na muulizaji, mara nyingi, huwa amekuja na jawabu yake mkononi. Ataka aambiwe kuwa mbwa ni najisi, na kwamba kilicho najisi hakina haki. Basi itupwe nyama yenye sumu usiku, mizoga izolewe alfajiri, na watu waende zao kazini. Mwengine husema: Sisi hatufugi mbwa, chanjo na leseni na ada yake ni mambo ya wanaofuga, hayatuhusu hata chembe.

Kauli zote mbili twaona zina kasoro, na kasoro yake ni moja. Zachanganya hukumu ya tohara na hukumu ya dhima.

Ama tohara, mambo yake ni maarufu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mbwa ni najisi mzima mzima, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Wenzetu wa Kihanafi wasema najisi ni mate yake, na Imam Malik aliona mbwa mwenyewe ni tohara na kuosha huko ni ibada tu. Hatukusudii kumtoa mtu katika madhehebu yake. Mwenye kuosha mara saba na aoshe. Walakini na tujiulize, hukumu hiyo ni ya kitu gani? Ni ya sahani, na kanzu, na mwili wa mtu atakaye kusali. Haisemi neno juu ya kiu ya mbwa, wala njaa yake, wala maumivu yake. Hayo yana mlango wake mwengine, na vitabu ni vile vile. Humo ndimo tunamosoma habari za mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu, akanywa, akapanda, akamkuta mbwa anahema na kuramba mchanga wa maji maji; akashuka tena, akajaza khofu yake maji, akaiuma kwa meno yake ili apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamghufiria. Masahaba wakastaajabu, wakauliza kama katika wanyama pia kuna thawabu, na Mtume (S.A.W.) akawajibu kuwa iko katika kila kiumbe chenye uhai. Yule mtu hakuuliza kwanza kama mbwa ana mwenyewe. Na mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa katika Kur-ani pamoja nao, amenyoosha mikono yake kizingitini. Na katika Sura ya Maida windo la mbwa aliyefundishwa limehalalishwa kuliwa.

Atasema msemaji: Mbona Mtume aliamrisha mbwa wa Madina wauawe? Kweli, hadithi hiyo ipo, wala mtafuta elimu haifichi. Lakini aisome mpaka mwisho wake. Baada ya amri hiyo alikataza, akabagua aina yenye madhara, na sababu aliyoitaja ni kuwa mbwa nao ni umma miongoni mwa umma. Imam Nawawi, katika sharhe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa wanazuoni wameafikiana juu ya kumuua mbwa mwenye kichaa na mwenye kuuma. Ama asiye na madhara, amenakili kwa Imamul-Haramayn kuwa sharia imesimama juu ya kukataza kumuua, awe mweusi awe mwengine. Basi huyo anayelala chini ya gari bovu pale karibu na soko, asiyemgusa mtu, wamuua kwa dalili gani? Na hata yule aliyestahili kuuawa, tumeamrishwa wema katika kuua, mpaka kisu cha kuchinjia tukaamrishwa kukinoa. Sumu iliyotiwa katika nyama haina wema wowote. Mnyama hukakamaa na kutapatapa muda mrefu, na nyama haichagui mdomo. Huila paka wa jirani, huila kuku, na mtoto huweza kuiokota.

Na wala haifai kitu. Tazama Istanbul. Mwaka 1910 serikali ya huko iliwakusanya mbwa wa mitaani kwa maelfu mengi, ikawapeleka katika kisiwa cha Sivriada kisicho na maji wala mti, wakafa huko kwa njaa na kiu. Mji huo ulikuwa makao ya Khalifa, na watu wake walizoea kuwalisha mbwa hao milangoni mwao. Je, mbwa walikwisha? Mwezi wa Julai 2024, miaka 114 baadaye, bunge la Uturuki lilipitisha sheria nyengine juu ya mbwa hao hao wa mitaani, na watu wakatoka barabarani kugombana juu yake. Mbwa akiondolewa mtaani huacha nafasi na chakula, na nafasi hiyo huja mwengine akaijaza. Jike huchukua mimba miezi miwili tu, na katika mwaka mmoja aweza kuzaa mara mbili.

Hatusemi haya kwa kudharau khatari. Kichaa cha mbwa kimejulikana katika nchi hii tangu mwaka 1912, kilipothibitishwa kwa mbwa pambizoni mwa Nairobi. Makisio ya serikali ni kuwa huua watu kama 2,000 kila mwaka katika Kenya. Na katika dunia nzima wakisiwa kuwa 59,000, wengi wao watoto na watu wa mashamba. Dalili zikishadhihiri, tiba huwa karibu hakuna. Kinachomwokoa aliyeumwa ni kuosha jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kudungwa sindano; si pilipili, wala mafuta, wala kombe. Twalisema hili wazi kwa kuwa wako wazazi ambao humpitisha mtoto kwa mganga kwanza, na siku zikapita.

Lakini dawa ya kichaa katika mji ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wataalamu wasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Ndugu zetu wa Pemba, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, wameliona hili kwa macho yao. Mbwa walichanjwa, na kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, chanjo ikashikiliwa upya, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa kimeondoka. Na mwenye kuwaua mbwa ovyo huwaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, akavunja boma lile lile linalowalinda watoto wake.

Sasa tuje kwenye leseni. Katiba ya mwaka 2010 imeziwekea serikali za kaunti kazi ya kuwasimamia wanyama na kuwatendea vyema, na imelitaja jambo la leseni za mbwa kwa jina lake. Basi ada hii si uzushi wa karani. Swali letu ni la uadilifu: nani ailipe, na fedha zake ziende wapi?

Mwenye mbwa mmoja anayelinda mbuzi wake huko ndani ya Kilifi au Kwale, mbwa wake ajulikana, na boma lake lajulikana. Akija mtoza ada, huyo ndiye wa kwanza kupatikana. Naye ndiye hasa ambaye hadithi imemruhusu, kwani aliyefuga mbwa bila ya haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Na wanazuoni wetu wakaukisia hapo ulinzi wa nyumba. Ama yule wa mjini aliyemfuga jike getini bila ya kumfunga kizazi, na watoto sita walipozaliwa akawatia katika kiroba, akawaacha usiku karibu na machinjio, huyo hana leseni wala hana anayemjua. Amepata ulinzi yeye, na madhara yamekuwa ya mtaa. Ada ikiwa kubwa, humzidishia huyu sababu ya kutupa, na humfanya hata maskini mwaminifu akane mbwa wake mbele ya askari: Si wangu huyu, apita njia tu! Hivyo sheria iliyokusudiwa kumpa mbwa mwenyewe ikawa ndiyo inayomnyang'anya.

Waingereza, ambao desturi hii ya leseni tuliipata kwao, waliiweka ada yao shilingi 7 na peni 6 mwaka 1878, wakaiacha hapo zaidi ya miaka mia, mpaka ikawa kuikusanya kwagharimu zaidi ya kinachoingia. Mwaka 1987 wakaifuta. Hatusemi tufuate kufuta. Twasema ada ni amana. Mtu akilipa, yampasa aone chanjo, na kibati cha shingoni chenye nambari, na daktari wa mifugo anayefika mtaani kwake kwa siku maalumu. Asipoviona hivyo, ameuziwa karatasi tu. Na lau tungeulizwa sisi, tungesema chanjo iwe bure, mwenye kumfunga mbwa wake kizazi apunguziwe, na mzigo wa faini umwangukie mwenye kutupa.

Na sisi tusiofuga je? Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo watu wasipopenda kupasikia. Mbwa koko hali upepo. Ala matumbo yanayotupwa nyuma ya machinjio, na vichwa vya papa na mashombo ya soko la samaki, na biriani ya arusi iliyobaki ikamwagwa njiani kwa ufakhari. Jaa hilo ni letu sote. Twamlisha kila siku kwa mkono wa kushoto, kisha twamtupia mawe kwa mkono wa kulia. Mwenye jaa ndiye mwenye mbwa, akubali asikubali. Kwa hivyo kuuweka mtaa safi, na kutoa katika mali yetu kwa ajili ya chanjo, twaona ni katika faradhi za kutosheana: wakisimama baadhi yetu wametuondolea sote, na asiposimama hata mmoja, dhambi ni yetu sote, mwenye mbwa na asiye na mbwa.

Na asije mtu akadhani kuwa unajisi ndio uliotufanya tuwe wagumu hivi. Paka ni tohara kwa ushahidi wa hadithi. Yeye ni katika wanaotuzunguka majumbani, na sahaba mmoja mkubwa tumemjua kwa jina la Abu Huraira kwa ajili ya kipaka chake. Tena twampenda, na mgeni anayeingia Lamu au Mombasa ya Kale hushangaa kwa wingi wake vibarazani. Lakini vitoto vyake vikizidi twavifanyani? Kiroba kile kile, na jaa lile lile. Twayasoma kila mwaka madarasani mwetu khabari za mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Aliyevitupa vitoto visivyofumbua macho, hakuwaachia kujitafutia cho chote.

Limebaki suala la kuhasi, na hili lataka utulivu, kwani wanaolipinga si wajinga. Wana hoja. Imam Nawawi amesema wazi kuwa katika madhehebu yetu ni haramu kumhasi mnyama asiyeliwa. Wako pia waliolitia katika kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Shetani aliahidi kuwaamrisha watu. Kwa upande wa pili, Mahanafi wamelijuzisha penye manufaa, imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alichinja kondoo wawili waliohasiwa, ingawa hao ni katika wanaoliwa, na katika wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa juu ya paka waliozidi, akajibu kuwa wakiwa wanaudhi na upasuaji hauwadhuru hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kwisha kuumbwa.

Sisi twaelekea huko. Kuhasi walikokuona wazee wetu kulikuwa ni kuponda kwa jiwe au kukata kwa kisu mnyama akiwa macho, na maumivu yake makubwa. Leo mnyama hulazwa kwa dawa, na daktari akamaliza kazi yake kabla hajazindukana. Na pakiwa hapana budi ya moja katika madhara mawili, twashika lililo jepesi. Na hatuoni mwenye akili atakayesema kuwa sumu ya usiku, au kiroba cha jaani, ni jepesi kuliko kisu cha daktari. Sharti yetu ni moja: pasikusudiwe kukikata kizazi chao wote katika nchi, kwa kuwa ni umma, na aliyewaumba hakuwaumba kwa mchezo.

Tunajua kuwa katika masheikh wetu wako wanaoshika kauli ya Imam Nawawi bila ya kuregeza, na wengine hata ada yenyewe ya leseni huitilia shaka, wakiuliza vipi Mwislamu amlipie mnyama ambaye thamani yake imekatazwa kuliwa. Jawabu yetu kwa hili la pili ni fupi: kinacholipiwa si mbwa, ni kazi ya chanjo na ulinzi wa mtaa. Ama la kwanza, mlango u wazi. Mwenye dalili yenye nguvu zaidi na atuandikie, nasi tutaichapa kama ilivyo katika toleo lijalo. Na kabla ya hapo, darasa ya Alkhamisi baada ya Magharibi itasoma mlango wa windo na mlango wa najisi pamoja, kwa siku moja.