Ubao Uliovuliwa Picha

Kwenye karakana za mabango huko Ufaransa, swali la kazi itakaa juu ya nini ni swali la bei tu. Herufi za vinaili zinakatwa kwa mashine, zinanyanyuliwa kwa karatasi ya kuhamishia, zinabandikwa kwenye alumini, plastiki, kioo au turubai la kutundika barabarani. Bango likikaa juu ya chochote, duka la dawa linalotangazwa linabaki lile lile. Nimekuwa nikitafsiri orodha za bidhaa hizo kwenda Kiingereza, na sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya alumini.

Usingizi hunipaa nikiletewa vibao vya makumbusho. *Bois transposé sur toile*: ilikuwa juu ya ubao, ikahamishiwa turubai. Kuyatafsiri maneno hayo ni kazi ya dakika moja. Kinachonikera ni tendo lenyewe.

Mwaka 1750 fundi Robert Picault alibandua *La Charité* ya mchoraji Andrea del Sarto, picha ya mwaka 1518, kutoka kwenye ubao wake akaigandisha kwenye turubai. Njia aliyotumia aliifanya siri. Walioingia Kasri la Luxembourg, Paris, mwaka ule waliviona vyote viwili: picha juu ya kitambaa kipya, na ubao mkongwe ukiwa mtupu. Kipi hapo ni cha Andrea?

Watetezi wa picha takatifu wangejibu bila kusita. Hoja mojawapo iliyosomwa katika Mtaguso wa Nikea, mwaka 787, ni kwamba ubao ukifutika sura hutupwa motoni kama kuni nyingine. Hoja imenyooka, na ilikuwa na kazi yake: kuwaondolea waumini tuhuma ya kuabudu mbao. Ila inajibu nusu tu. Ubao usio na sura ni kuni, sawa. Sura isiyo na ubao je?

Hapo namwamini fundi kuliko mwanateolojia. Mwaka 1806 François-Toussaint Hacquin aliihamisha *Bikira wa Miamba* ya Leonardo iliyoko Louvre. Kazi ya aina hiyo huanzia usoni: picha inafunikwa kwa karatasi au shashi yenye gundi, inalazwa kifudifudi, kisha ubao unaliwa kwa randa na patasi kutoka mgongoni hadi kwenye utando mwembamba uliotangulia rangi. Kwa muda huo picha haina kinachoishika ila hiyo karatasi, na fundi anaitazama kwa nyuma, upande ambao hata mchoraji hakuwahi kuuona. Ndipo turubai linagandishwa.

Picha za namna hiyo ukizimulika kutoka ubavuni, mara nyingi utaona nyufa zilizonyooka, zikifuata nyuzi za ubao ambao haupo tena, na katikati yake alama za mfumo wa kitambaa kipya. Ubao ulikuwa ukivimba kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, rangi ikapasuka kwa kuufuata. Mbao imeshaingia ndani ya sura, na randa haiwezi kuitoa. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba kazi ya sanaa ni sura peke yake. Hao wangefaa karakana ya mabango.

Mteja mmoja aliniomba nilifute neno la kuhamishwa: nafasi kwenye kibao ni finyu, na mgeni hajali. Nikamwambia aanze kufuta sentimita za vipimo vya picha.