Haka kwa Amri

Siku hizi kampuni za nchi nyingi huwakodi walimu wa haka, ngoma ya Wamaori wa New Zealand, wawafundishe makarani na wauzaji kwa muda mfupi katika ukumbi wa mkutano. Watumishi hupiga mapaja na vifua, hukanyaga sakafu kwa pamoja, hukodoa macho, nao hutarajiwa kurudi mezani pao wakiwa wameshikamana. Je, ni halali kuichukua ngoma ya watu na kuifanya chombo cha kuongezea bidii ya kazi?

Wepesi wa kusema watasema huo ni wizi. Neno hilo halitoshi. Baadhi ya walimu hao ni Wamaori wenyewe, wanaotoza ada yao na kueleza maana ya maneno; wala mtu haitwi mwizi kwa kupokea alichouziwa na mwenyewe. Tena haka si ngoma ya vita tu, kama wengi wadhanivyo. Huchezwa kumlaki mgeni na kumlilia maiti, na wanawake huicheza pia.

Ubaya huanza pale maneno yanapotengwa na mwenyewe. Ka Mate, haka mashuhuri kuliko zote, ilitungwa yapata mwaka 1820 na Te Rauparaha wa Ngāti Toa, aliyejificha katika shimo la viazi akiwindwa na adui zake. Ni maneno ya mtu aliyesikia kifo kikipita juu ya kichwa chake. Mwaka 1979 wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Auckland walikuwa wakijitayarisha kwa haka yao ya mzaha, desturi ya miaka mingi iliyolalamikiwa bure, hata kundi la He Taua likawavamia. Sheria ya mwaka 2014 iliamuru kwamba aichapishaye Ka Mate kwa biashara amtaje mtunzi. Lakini uchezaji wenyewe haikuugusa. Basi ukumbini mwa kampuni haka haina mlinzi ila adabu ya mchezaji.

Na mchezaji naye ana haki yake, jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Tarehe 14 Novemba 2024, Bungeni Wellington, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke aliichana nakala ya mswada uliohusu misingi ya Mkataba wa Waitangi, akaanzisha haka. Mwezi Juni 2025 alisimamishwa Bunge siku 7, na viongozi wawili wa chama chake siku 21. Walikabili, wakalipa. Karani aliyeamriwa kucheza mbele ya meneja amepewa umbo la ukaidi ndani ya tendo la utii: anakodoa macho, lakini hamkodolei mtu. Akikataa, yamkini ataambiwa hana moyo wa ushirikiano. Akikubali, umoja anaouonyesha haukutoka kwake. Umoja wa Ngāti Toa haukuzaliwa na haka. Ulikuwapo kwanza katika nasaba na ardhi na makaburi, nayo haka ikausema.

Huenda ikajibiwa kwamba watu hucheka, hutoka jasho, na kesho yake husalimiana kwa uso mkunjufu zaidi. Ni kweli, wala si jambo dogo. Ila kwa hayo kuvuta kamba kungetosha. Meneja apendaye haka na awaulize kwanza watumishi wake, amwachie mlango wazi asiyetaka. Kisha mwalimu atakapowafundisha kumkabili aliye mbele yao, asimame hapo yeye mwenyewe.