Jina Kwenye Fomu

Nimebatiza kwa kata, nimebatiza kwa kibuyu, na mara moja nimebatiza kwa bomba la sindano. Hiyo ya mwisho ilikuwa usiku wa manane, katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja hapa Dodoma. Mtoto alikuwa ndani ya mashine ya joto, na mimi niliruhusiwa kupitisha mkono tu kwenye kidirisha chake. Sista wa zamu alinivutia mililita mbili za maji safi, akachomoa sindano yenyewe, akanikabidhi bomba. "Matone matatu, Mchungaji. Usimloweshe, atapoa."

Kabla ya matone niliuliza kama inavyonipasa: "Mtoto anaitwa nani?"

Mama yake, binti kutoka Bahi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga imelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na mnyonyaji. Alitazama ukuta. "Mwite utakavyo, Baba Mchungaji. Wawili wa kwanza niliwapa majina."

Nikachungulia faili, labda ningeokolewa na karatasi. Mtoto alikuwa ameandikwa kama wanavyoandikwa wachanga wote pale: "Mtoto wa", kisha jina la mama. Nikambatiza Yohana kwa sababu ndilo lililonijia.

Wale wawili waliomtangulia walizaliwa wazima. Walilia, wakanyonya, wakapelekwa nyumbani. Siku ya tatu wakalegea, wakakataa titi, wakaanza kuhema haraka haraka. Siku ya nne au ya tano tukawazika. Yohana alikuwa akipita njia ileile, hatua kwa hatua. Daktari kijana aliyemhudumia alinivuta koridoni. Dawa za maambukizi wamempa na hazijasaidia. Yeye alishuku kwamba ini la mtoto lina kasoro ya kurithi, linashindwa kuondoa amonia, ile sumu inayobaki mwili unapovunja protini. Tumboni, mwili wa mama ulikuwa ukimfanyia kazi hiyo. Alipokatwa kitovu akabaki peke yake.

"Na maziwa yana protini," nikasema. "Kwa hiyo maziwa ndiyo yanayomuua?"

Hakujibu. Nilijuta papo hapo, maana mlango wa wodi ulikuwa wazi.

Daktari huyo ndiye aliyenisimulia mengine, kwa wiki kadhaa, tukinywa chai kantini. Kwamba mwaka 2012, kule Kansas City, Marekani, timu ya Dkt. Stephen Kingsmore ilionyesha kuwa vinasaba vyote vya mtoto mchanga mahututi vinaweza kusomwa na kutafutiwa ugonjwa ndani ya saa 50. Kwamba mwaka 2025, Philadelphia, mtoto mmoja mwenye ini la namna hiyohiyo alitengenezewa dawa yake peke yake duniani, ya kusahihisha herufi iliyokosewa katika vinasaba vyake. Saa 50 ni siku mbili na saa mbili. Yohana alianza kulegea siku ya tatu, akafa siku ya tano. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu wa imani.

Sista wa zamu hakupendezwa na chai zetu. Ana haki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wao hufa kwa sababu asizohitaji mtu kusoma vinasaba ili kuzijua: njiti aliyepoa, aliyechelewa kuvuta hewa, aliyepata maambukizi ya kitovu. "Mnaongelea herufi," aliniambia, "na mimi kitanda kimoja nina watoto watatu." Ningepewa mimi mfuko wa fedha za wodi ile, ningeanza na oksijeni, joto, na masista wawili zaidi usiku. Sitabishana naye.

Ila kuna swali analouliza kila mtu, na ninaliona limepinda: kipimo kisicho na dawa nyuma yake kina faida gani? Mbona mimi haniulizi mtu ubatizo una faida gani kwa mtoto atakayekufa alfajiri? Jirani yangu ni shehe. Wajukuu zake wamezaliwa mbele ya macho yangu, na kila mmoja aliadhiniwa sikioni kabla hajajua sikio ni nini. Anasema jina jema ni haki ya mtoto, na mzazi anadaiwa jina hilo. Mimi na yeye tunatofautiana katika mengi, ila hapo hatujawahi kupishana: mtu hatajwi jina kwa sababu ataishi muda mrefu.

Na ugonjwa usipopewa jina hospitalini, hupewa kijijini. Kule Bahi walikuwa wameshaupa. Mtoto wa kwanza alipokufa ilisemwa ni mapenzi ya Mungu. Wa pili alipofuata, mapenzi ya Mungu yakaanza kugeuka kuwa mkosi wa mwanamke. Mama mkwe alisema waziwazi, kisimani, kwamba tumbo la yule binti halishiki watoto, na kwamba kwa mahari iliyotolewa mwanawe angeweza kupata mwingine. Wanafunzi walimuuliza Yesu jambo hilohilo walipokutana na kipofu wa kuzaliwa: nani alikosa, yeye au wazazi wake? Nimeihubiri habari hiyo miaka mingi kama somo la imani, bila kuwaza kwamba kuna mwanamke kwenye benchi la tatu anayeisikia kama kesi yake.

Kabla Yohana hajafa, daktari aliwaomba wazazi ruhusa, akamchoma kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi nene. Ikakauka dirishani, ikatiwa bahasha, ikasafiri nje ya nchi kwa urafiki wa mtu na mtu. Alituonya kwamba majibu yanaweza kurudi yasisomeke: mabadiliko mengi katika vinasaba vya Waafrika hayajawekewa maana, kwa kuwa waliopimwa zaidi duniani ni watu wenye asili ya Ulaya. Miezi saba baadaye yakarudi, na yalisomeka. Baba amebeba nakala moja mbovu. Mama amebeba moja. Wenyewe hawaugui. Mtoto akirithi zote mbili, anaugua. Kila mimba, uwezekano ni robo.

Baba ni mfugaji, na hesabu anazijua. "Watatu wamekwenda," akasema. "Kama ni robo, basi kumi na mbili wangu, tisa waliobaki ni wazima."

Daktari akatikisa kichwa. Kila mimba ni kura mpya, akamweleza. Kura haikumbuki waliotangulia.

Hapo mimi nikachomwa. Nimefundishwa kwamba Mungu hutufuma tumboni mwa mama, na sasa naambiwa ni kura. Nikajikumbusha kwamba kitabu changu chenyewe hakiogopi kura: Mathiya alipewa nafasi ya Yuda kwa kura, na Yona alijulikana merikebuni kwa kura. Lakini kura hizo zilipigwa ili kumtafuta mtu. Hii inamtafuta nani? Sikupata jibu, na sijalipata.

Kilichonituliza kidogo kilitoka hospitali nyingine. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapahapa Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Selimundu nayo hurithiwa vivyo hivyo, nakala moja kwa baba na moja kwa mama, kosa la herufi moja kati ya karibu bilioni tatu. Sisi wa nchi kavu hatukuizoea sana. Makao makuu ya serikali yalipohamia hapa, watu wa Ziwa na Pwani walikuja na samani zao na damu zao. Na huko kwenye malaria nyingi, herufi hiyohiyo ikiwa nakala moja tu humkinga mtoto na malaria, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Ndugu mmoja inamuua, mwingine inamlinda. Mchangiaji bora wa uloto ni ndugu wa tumbo moja, nikauliza uwezekano wa ndugu kulingana kabisa na mgonjwa ni kiasi gani. Robo, akasema daktari. Nikacheka kwa sauti mpaka kantini ikageuka. Robo inayogawa ugonjwa, robo inayogawa mchangiaji. Silitoi hili kama hoja ya kuwepo kwa Mungu. Nasema tu kwamba nilicheka.

Tulikwenda Bahi mwezi wa sita, barabara ya Singida, mpunga umeshavunwa. Baba wa Yohana aliniomba nisome karatasi ya majibu mbele ya mama yake, kwa kuwa yeye angedhaniwa anamtetea mkewe. Bibi alikuwa akipepeta uwele. Nilimsalimu, mbukwenyi, nikaketi kigodani, nikaeleza kwa Kigogo, taratibu, nikiruka majina ya kimaabara.

"Nusu kwa mwanamke," akasema.

"Nusu kwa mwanamke, mama. Na nusu huku kwetu, kwa mwanao."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Ungo ukasimama. Yule binti alikuwa mlangoni jikoni, hakusogea.

"Huyu mwanangu naye alipewa na nani?" akauliza bibi.

Nikasema huenda kwa babaye, huenda kwake yeye. Karatasi haisemi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mwaka wa ile njaa, 1974, alizika wawili, wachanga, kila mmoja hakufikisha wiki. Walisema ni njaa, maziwa yalikuwa mabaya. Lakini yeye alikuwa na maziwa, anakumbuka alikuwa nayo, yalikuwa yakimwagika.

"Hawakuwa na majina," akasema. "Unaweza kuwaandika hapo?"