Mkate wa Ulaya



Mtu akisikia tunataja mkate wa Ulaya, huenda akadhani tunasimulia habari za ng'ambo. Sivyo. Ulaya tunayoitaja ni ile ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Na mkate wenyewe ni ule wa kumimina, auokao mama jikoni mwake pasipo tanuri.

Kazi yake twaijua. Mchele hurowekwa, husagwa, hutiwa tui, sukari, iliki na hamira kidogo, kisha hufunikwa uumuke. Ukiisha kuumuka humiminwa katika sufuria, makaa yakawekwa chini, na mengine juu ya kifuniko. Hapo haufai kuharakishwa. Moto ukizidi, chini huungua na katikati hubaki mbichi. Hana budi mama kuketi na kungoja.

Kwa nini basi gazeti la dini liandike mambo ya jikoni? Kwa sababu watu wa Kilosa wameijua hofu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika. Maelfu walihama nyumba zao wakakaa katika mahema, na njia ya reli ikakatika. Kabla ya hapo, Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Aliyeyaona hayo, mvua ikinguruma usiku au mbwa wakibweka, usingizi humtoka.

Mama aamkaye katika saa kama hiyo akaroweka mchele wa watoto wake, hafanyi upuuzi. Mikono yake imepata kazi, na moyo wake hufuata mikono. Hawezi kuyazuia maji ya mto. Lakini chakula cha asubuhi aweza kukitayarisha. Mungu hakumdai zaidi ya hayo.

Maandiko Matakatifu yatufundisha jambo hili katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nabii Eliya, akimkimbia malkia Yezebeli, alijilaza chini ya mti jangwani akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? La. Alimtuma malaika, naye akamwonyesha mkate uliookwa juu ya moto, na mtungi wa maji. Eliya alikula, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo akapata nguvu ya kwenda siku 40 hadi mlima wa Mungu. Hatari haikuwa imekwisha. Ila yeye aliweza kuinuka.

Lakini tujihadhari, ndugu. Iko faraja ya uongo nayo, ni ile ya mkate unaoliwa mlango ukiwa umefungwa. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga. Alimpa kwanza mgeni, na unga wake haukwisha. Basi, mkate ukiisha kuiva, kipande kimoja kivuke uani. Kiende kwa jirani aliyefiwa, na kwa mfugaji ambaye tumezoea kumtazama kwa jicho baya. Naye mfugaji asirudishe sahani tupu, maziwa anayo.

Hatusemi kwamba kipande cha mkate chamaliza ugomvi wa malisho. Mipaka ya ardhi yataka wazee, serikali na haki. Walakini ni vigumu kumwinulia rungu mtu ambaye watoto wake wamekula kwako jana, na baraza la wapatanishi hukutana vema zaidi pale ambapo watu wamekwisha kula pamoja.

Bwana wetu Yesu Kristo, usiku ule aliosalitiwa, alijua yatakayompata. Aliketi na rafiki zake, akatwaa mkate, akashukuru, akawagawia. Kila Jumapili twaupokea Mwili wake katika Ekaristi Takatifu. Itakuwaje basi tutoke kanisani tukamnyime jirani mkate wa nyumbani?

Wazazi wapenzi, mvua zitakuja tena, na habari za kutisha hazitakoma. Jumamosi hii washeni jiko. Asiye na mchele aoke wa mahindi. Watoto wasaidie, Rozari isaliwe wakati mkate ukiiva, na kipande cha jirani kikatwe kwanza, kabla ya chetu.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu.